Sokwe wa Sweetwaters: nenda, lakini usiende mbiombio

Mamangu amezaliwa na kuzeekea Laikipia, na hakuwa amewahi kumwona sokwe kwa macho yake. Si ajabu. Kenya haina sokwe wa porini; wa Gombe na Mahale ni wa Tanzania, wengine wako Uganda na Kongo. Hapa kwetu ukitaka kuwaona ni Sweetwaters tu, ndani ya hifadhi ya wanyama ya Ol Pejeta, nje kidogo ya mji wa Nanyuki. Jumamosi nikampeleka.

Anayetafuta mahali pa kurushia wanyama ndizi apitilize. Hawa ni sokwe waliookolewa. Makao yao yalifunguliwa mwaka 1993 kwa makubaliano ya Ol Pejeta, shirika la wanyamapori la Kenya (KWS) na taasisi ya Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, ili yatima waliokuwa Bujumbura wapate pa kukimbilia vita vilipochacha Burundi. Baadaye wakaletwa wengine kutoka nchi za Afrika ya Kati na Magharibi. Mkasa wao hufanana: mama anauawa kwa ajili ya nyama, mtoto anabanduliwa mwilini mwake na kuuzwa kama mwanasesere.

Mhudumu aliyetutembeza alitusimulia habari za Poco, na hizo ndizo nilizorudi nazo nyumbani. Poco alipofika hapa mwaka 1995 alikuwa ameishi miaka mingi kwenye kizimba kilichotundikwa juu, penye biashara ya mtu aliyemfuga, kiwavute wateja. Kizimba chenyewe chembamba, hana pa kuinamia, ikawa ni kusimama tu. Hata baada ya kupewa nyasi na miti ya kutosha aliendelea kutembea wima kama binadamu, ilhali sokwe kwa kawaida huinama akakanyagia vifundo vya vidole vya mikono. Mama, ambaye mgongo wake umepinda kwa kubeba mitungi ya maji tangu utotoni, hakusema neno. Alijisugua kiuno tu.

Kufikia hapo alikuwa akiwaita nyani. Mhudumu akamwambia kwa upole, "Mtazame nyuma, mama. Unaona mkia?" Hakukuwa na mkia.

Tulisimama muda mrefu mbele ya mmoja aliyekaa karibu na uzio akila chungwa. Alishalitafuna, makapi akayasukuma kwenye mdomo wa chini. Kila baada ya muda aliutokeza mdomo ule mbele kama kikombe, akateremsha macho kuangalia kilichobaki, akaurudisha, akafyonza tena. Kucha zake bapa kama zangu, zimejaa udongo. Angekuwa peke yake siku hiyo, bado ningeona safari imelipa.

Upande mwingine kelele zilizuka, mdogo mmoja akafukuzwa huku amekenua meno yote. Kijana wa kundi letu akashangilia, "Anacheka!" Kumbe ile ni hofu. Sokwe anayecheka hulegeza mdomo, meno ya juu yakajificha, na unamsikia anahema. Nikazikumbuka zile picha za sokwe waliovalishwa nguo, wamekenua hivyo hivyo, na sisi tukizibandika ukutani.

Ninachowasifu zaidi ni kwamba hawakuruhusu kugusa. Humlishi, humbebi, hupigi naye picha begani. Mafua yetu yanaweza kumuua sokwe, kwa hiyo ukiwa na kikohozi ahirisha safari. Majike wanapangiwa uzazi, maana kila mtoto anayezaliwa hapa anachukua nafasi ya yatima anayesubiri kuokolewa. Makundi ni mawili, na mto Ewaso Ng'iro umewatenganisha. Sokwe hawaogelei, kwa hiyo maji yanatosha kuzuia vita. Msituni hawatarudishwa. Wamezoea watu mno, na hapa si kwao. Hilo liliniuma, na bado linaniuma.

Kiingilio cha Ol Pejeta kinajumuisha sokwe, hulipi mara mbili. Ila hapafunguliwi kutwa nzima. Ulizia saa ukiwa getini. Wengi huja kwa ajili ya Najin na Fatu, vifaru weupe wa kaskazini wawili waliobaki duniani, kisha wanapitia kwa sokwe dakika kumi za mwisho. Usifanye hivyo. Tenga saa nzima au zaidi, beba darubini kama unayo, na usitarajie picha safi, kwa kuwa nyaya za uzio zitakuwa mbele yako karibu wakati wote. Mzee anaweza kutembea pale bila shida akipewa nafasi ya kupumzika. Mama alipumzika mara mbili.

Shule zikifungwa mwezi wa nane narudi na wanangu. Mama ameshauliza kama yule wa chungwa atakuwepo.