Uzoefu wangu wa miaka mitano na kloza, makufuli ya sumaku na kadi za milango katika jengo la ofisi

Ninasimamia jengo la ofisi la ghorofa sita huko Upanga, Dar es Salaam, lenye milango arobaini na kitu inayojifunga yenyewe, tisa kati yake ikifunguliwa kwa kadi. Ninaandika tathmini hii kwa msimamizi mwenzangu anayetaka kununua vifaa hivi kwa mara ya kwanza, kwa sababu mimi nilivichagua vibaya nikavilipia mara mbili. Maduka na mafundi walioniuzia sitawataja. Ninachopima ni aina za vifaa na jinsi vilivyohimili joto, chumvi ya bahari na kukatika kwa umeme.

Kosa letu kubwa lilikuwa kuviweka vifaa vya mlango mmoja katika bajeti mbili. Makufuli ya sumaku na visomaji vya kadi vilihesabiwa kuwa ulinzi, kwa hiyo tukavinunulia vya bei ya juu, ilhali kloza, yaani kile kifaa cha springi na mafuta kinachokaa juu ya mlango na kuuvuta ufunge, zilihesabiwa kuwa vitu vya fundi seremala, tukazichukua za bei ya chini kabisa kwa jumla. Asubuhi moja ya Julai mlinzi wa zamu aliniita ghorofa ya pili akaniambia, “Mama, njoo ujionee mwenyewe.” Mlango wa mapokezi ulikuwa umesimama upana wa vidole viwili kutoka kwenye fremu. Taa ya kisomaji ilikuwa nyekundu, sumaku juu ya fremu ilikuwa na umeme wake kamili bila kitu cha kushika, na kompyuta ilionyesha kuwa mlango umefungwa. Kusi ilikuwa inavuma kupitia madirisha ya ngazi, na kloza haikuwa na nguvu ya kuushinda upepo huo katika hatua ile ya mwisho. Kwa kadiri tulivyoweza kukisia, mlango ulikaa hivyo usiku kucha.

Baada ya hapo ndipo niliposoma kile ambacho ningepaswa kukisoma kabla ya kununua. Kiwango cha Ulaya kinachoitwa EN 1154 hugawa kloza katika saizi 1 hadi 7 kwa kufuata upana na uzito wa mlango: saizi 2 ni ya mlango wa hadi milimita 850 na kilo 40, saizi 3 ni ya milimita 950 na kilo 60, na saizi 4 ni ya milimita 1,100 na kilo 80. Mlango wetu wa mapokezi una upana wa mita moja na uzito unaokaribia kilo 75, na kloza tuliyoifunga ilikuwa ya saizi 2. Muuzaji aliniuliza rangi tu, hakuniuliza upana. Nami sikujua kuwa upana ndio swali. Mlango unapokuwa mahali penye upepo, au unapotenganisha chumba chenye kiyoyozi na varanda yenye joto, ni afadhali kupanda saizi moja zaidi, au kununua kloza ambayo nguvu yake inaweza kurekebishwa, kwa mfano kutoka saizi 2 hadi 4, kwa kukaza springi yake. Hiyo ya kurekebishika ndiyo niliyoichagua mara ya pili. Ilinigharimu karibu mara nne ya ile ya kwanza, na sijajuta.

Kiwango hichohicho kinataka kloza ijaribiwe kwa kufunguliwa na kufungwa mara 500,000. Tarakimu hiyo niliipuuza mpaka nilipotazama kumbukumbu za kadi, nikaona kuwa mlango wa mapokezi hupitwa mara 400 hivi kwa siku, maana yake ni siku 1,250 za kazi, yaani zaidi ya miaka minne. Zile za kwanza, ambazo hazikuwa na alama yoyote isipokuwa kibandiko cha dhahabu, zilianza kutoa mafuta kabla ya kutimiza mwaka.

Hata hivyo si haki kuzilaumu kloza peke yake, kwa sababu baadhi yake tuliziua kwa mikono yetu. Pembeni mwa kloza huwa kuna skrubu mbili au tatu: moja huamua mwendo wa mlango kutoka ulipo wazi mpaka unapokaribia fremu, ya pili huamua mwendo wa nyuzi (digrii) chache za mwisho ambapo ulimi wa kitasa unapaswa kuingia au bamba la chuma kugusa sumaku, na ya tatu, kwa zile zilizo nayo, huuzuia mlango usitupwe ukutani na mtu mwenye haraka. Kijana wetu wa matengenezo, kwa nia njema kabisa, alizungusha skrubu ya kwanza mpaka ikatoka, na mafuta yakachuruzika kwenye mlango mweupe hadi sakafuni. Kloza ikitoka mafuta haitengenezwi, hutupwa. Mzee mmoja fundi aliyekuja kuibadilisha alinishika mkono, akaniwekea bisibisi kwenye skrubu na kusema, “Robo tu, mama, kisha uuache mlango ufunge mara tatu ndipo uguse tena. Ukiizungusha kama bomba la maji, imekwisha.” Nimeufuata ushauri huo tangu siku hiyo, na mwendo ninaoutafuta ni sekunde tano hivi kutoka nyuzi 90, kisha msukumo mfupi mwishoni. Kipimo changu halisi, lakini, ni dada anayetuletea chai: akiweza kupita na sinia lenye vikombe sita bila kuurudisha mlango kwa kisigino, nimeurekebisha sawasawa.

Mzee huyohuyo ndiye aliyegundua kwamba milango mitatu ilikuwa na kloza nzuri zilizofungwa upande usiofaa. Kloza ikifungwa upande wa kusukuma, mkono wake ukilala sambamba na mlango, hupendeza macho lakini hupoteza sehemu ya nguvu yake, kwa hiyo huhitaji saizi kubwa zaidi. Mbili kati ya hizo zilikuwa zimewekwa upande wa nje, zikipigwa na hewa ya bahari mpaka viungo vya mkono vikashika kutu. Tulizirudisha ndani.

Sasa nigeukie makufuli. Kufuli la sumaku la kawaida hushika kwa nguvu ya kilo 280, na kubwa lake hufika kilo 545, na watu wengi hudhani kuwa tarakimu hiyo inatosha kuwa jibu. Haitoshi. Nguvu hiyo hupatikana pale tu bamba la chuma lililo kwenye mlango linapokaa bapa juu ya uso wa sumaku, na ndiyo maana bamba hilo hufungwa kwa boliti moja ya katikati yenye washa ya mpira, ili licheze kidogo na kujipanga lenyewe. Fundi wetu wa kwanza aliona bamba linacheza, akadhani limelegea, akalikaza mpaka likatulia kabisa. Mlango ule ulikuja kufunguka kwa bega la mpeleka barua aliyedhani umekwama tu. Tangu hapo nimeandika kwa kalamu nyekundu juu ya kila fremu: BAMBA LICHEZE.

Jambo la pili lilinitia aibu zaidi. Kwenye mlango wa stoo tuliweka kifaa kimoja chenye vitufe vya namba na kisomaji cha kadi, ambacho ndani yake ndimo ilimo swichi ya kufuli, kwa sababu kilikuwa rahisi kufunga na hakikuhitaji kidhibiti cha pembeni, yaani kile kisanduku kinachoamua mlango ufunguliwe au la. Fundi mpya alikitoa ukutani kwa bisibisi mbele yangu, upande wa nje, akaunganisha nyaya mbili, na mlango ukafunguka bila kadi wala namba. Ilimchukua muda mfupi kuliko ninaoutumia kutafuta miwani yangu. Kama mlango una thamani yoyote, kisomaji cha nje kiwe kisomaji tu, na kidhibiti chenye swichi kiwe ndani, kwenye sanduku lenye ufunguo, juu ya dari au katika chumba cha umeme. Vilevile ulizia kihisi cha mlango, ambacho huuambia mfumo kama mlango umefika kwenye fremu au la. Tungekuwa nacho, kompyuta isingeandika kuwa mlango umefungwa usiku ule.

Kuhusu umeme, ni lazima mnunuzi ajue tangu mwanzo kwamba kufuli la sumaku huachia umeme unapokatika. Ndivyo linavyopaswa kuwa kwenye njia ya watu kutokea, na hakuna mkaguzi wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji atakayekubali kinyume chake. Kwetu tuliunganisha kengele ya moto ili ikate umeme wa makufuli moja kwa moja, bila kupitia programu ya kompyuta, na kando ya kila mlango wa kutokea tukaweka kisanduku cha kijani cha kubonyeza wakati wa dharura. Ila kwa usiku wa kawaida ambao umeme umekatika, betri ndiyo mlinzi wako. Kufuli dogo la volti 12 hula karibu nusu ampea, hivyo betri ya ampea-saa 7 kwenye karatasi ingelishikilia saa 14. Ukiongeza kidhibiti na kisomaji, na ukizingatia kuwa betri hizi huchakaa haraka mahali penye joto kama juu ya dari, hesabu hupungua sana. Betri yetu ya mwaka wa tatu, tulipoijaribu Jumamosi moja kwa kuzima swichi kuu, ilidumu dakika 40. Sasa tunazibadilisha kila baada ya miaka miwili bila kungoja zife, na chumba cha seva tumekiwekea kitasa cha umeme ambacho umeme ukikatika hubaki kimefungwa kwa nje, huku aliye ndani akitoka kwa kushusha mkono wa kitasa.

Kadi zetu za kwanza zilikuwa za masafa ya redio ya kilohezi 125, zile nene nyeupe, ambazo hutangaza namba yake waziwazi kwa kisomaji chochote. Mpangaji mmoja aliniletea nakala aliyotengenezewa mtaani akiwa anasubiri, akaniwekea mezani pamoja na ile halisi, akaniuliza ipi ni ipi. Sikujua. Tumehamia kadi za megahezi 13.56 zenye usimbaji fiche, yaani zinazoficha taarifa zake kwa msimbo, lakini hapa pia kuna mtego: kadi za MIFARE Classic, ambazo bado zinauzwa kwa wingi, usimbaji wake ulivunjwa hadharani na watafiti mwaka 2008, miongoni mwao wa Chuo Kikuu cha Radboud nchini Uholanzi. Tulichukua MIFARE DESFire, na nilihakikisha kisomaji kinasoma sehemu iliyolindwa ya kadi badala ya namba yake ya nje tu, la sivyo fedha zetu zingekuwa zimepotea bure.

Alama za vidole tuliziacha. Wafanya usafi, ambao vidole vyao vimelainishwa na sabuni, walikuwa wanasimama mlangoni kila alfajiri wakijaribu kidole baada ya kidole, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za namna hiyo kuwa nyeti, mzigo ambao sikuona sababu ya kuubeba kwa ajili ya mlango wa ofisi.

Matengenezo hayana ufundi mkubwa bali yanataka daftari. Kila mwezi kijana wetu hupita na kuufungua kila mlango nyuzi 90, kisha kidogo tu kama upana wa kiganja, na mara zote mbili mlango lazima ufunge wenyewe mpaka mwisho. Hutazama mafuta chini ya kloza, hukaza skrubu za bawaba, na huusugua uso wa sumaku kwa kitambaa kikavu. Bawaba iliyolegea ndiyo sababu ya kwanza ninayoitafuta siku hizi mlango unapogoma, kabla hata ya kuigusa kloza. Milango ya ngazi ya kuzuia moto ndiyo iliyotusumbua zaidi, kwa kuwa watu huiwekea kabari, na mara moja nilikuta mmoja umeegemezwa mtungi wa kuzimia moto. Tulipochoka kuokota kabari tukaweka sumaku za ukutani ambazo huushika mlango wazi mchana kutwa na kuuachia kengele ya moto inapolia. Kabari hazikurudi.

Kitu kimoja ambacho bado sijakishinda ni mlango wa kioo wa kuingilia, ambao kloza yake imefukiwa sakafuni ndani ya sanduku la chuma. Ya kwanza ilikufa kwa maji ya deki: kila asubuhi ndoo nzima ilimwagwa hapo, yakaingia chini ya kifuniko, na tulipokifungua tulikuta kutu, mchanga na tope jeusi la mafuta. Ya pili ina miezi saba, kifuniko chake kimezibwa kwa silikoni, na nimewaomba wafanya usafi watumie kitambaa kilichokamuliwa kwa mita moja kila upande. Wiki iliyopita nilikuta ndoo imewekwa palepale juu ya kifuniko, imejaa.