Paterni za kizamani za krosheti kwa mapambo ya nyumba, uzoefu wangu

Assalam alaykum mashoga zangu. Naona watu wanauliza kama hizi paterni za kizamani za krosheti, yaani michoro na maelezo ya kufuma kwa sindano ya ndoano, zina faida yoyote na video za kufuma ziko tele kwenye simu, mie nasema zina faida tena kubwa, kwa vitambaa vya meza, vya sofa na vya juu ya friji sitaki tena kitu chengine.

Nazichukua Antique Pattern Library, ni tovuti ya watu wanaoskani vitabu vya kazi za mikono vya zamani, unadaunlodi bure, unapeleka steshenari wanakuprintia, bas. Faili nyengine ni kubwa kwa hivyo tafuta waifai kwanza kabla bando halijakukatikia njiani.

Nnazozipenda khasa ni za fileti. Fileti ni miraba tu, mraba mtupu na mraba uliojazwa, ua lote linatokea humo, na chati unaisoma kwa macho hata kama Kiingereza huna, mama yangu anaisoma na hajapata kukaa darasa la Kiingereza hata siku moja. Unaanza chini kulia unakwenda kushoto, mstari wa pili unarudi. Hesabu yake nyepesi: kila mraba ni stichi (mishono) tatu, basi chati ya miraba 60 ni cheni 180, yaani vile vitanzi vya kuanzia, unaongeza moja ya ukingoni na zile za kugeuzia. Tena unajua ukubwa kabla hujaanza, mie kwa uzi namba 10 mraba wangu unatoka kama milimita 8, kwa hiyo hiyo miraba 60 inakuja sentimita 48, ukitaka kidogo chukua uzi mwembamba chati ile ile. Video gani itakupa hivyo?

Uzi nao msiuchezee. Namba ikipanda uzi unakuwa mwembamba, 10 mnene kuliko 20, na 40 mwembamba zaidi. Chukua wa pamba ule unaong'aa, umepitishwa kwenye kostiki soda, njia aliyoianza John Mercer kule Uingereza mwaka 1844, ndio maana rangi inashika na kitambaa kinakaa miaka. Uzi wa sweta unaouzwa kila duka haufai kwa kazi hii, unalegea na kanji haikai. Mie natafuta Darajani hapa Unguja nikikosa nashuka Mchangani, nanunua wote wa kazi moja siku moja maana nyeupe ya leo na nyeupe ya mwezi ujao hazifanani.

Sasa hizi paterni za maneno, zilizoandikwa bila chati, ndio zinataka utulivu. Tazama kitabu kimechapwa wapi kabla hujashika sindano, kwa sababu majina ya mishono hayafanani, dabo krosheti ya Uingereza ndio singo ya Marekani, na trebo ya Uingereza ndio dabo ya Marekani, ukichanganya ua la nanasi linatoka refu ama fupi na kitambaa hakilali. Na sindano zile za chuma nyingi namba zake ni za zamani, wewe nenda na milimita, kwa uzi wa 10 mie natumia 1.5.

Kwenye kukausha hapo sifuati vitabu vyao. Wao vile vitambaa vya marinda wanavichovya kwenye maji ya sukari yaliyochemshwa ili visimame, kwetu huku na joto hili na sisimizi hawa hapana jamani. Napika kanji ya muhogo nyepesi, nachovya, nakamua kwa taulo, naibana kwa pini zisizoshika kutu juu ya godoro la sponji mpaka ikauke. Wakati wa masika hewa ikiwa na maji marinda yanalegea, nafua natia kanji upya.

Picha nazo nachagua. Vitabu vingi vina malaika, ndege na simba, mie sivifumi nyumbani kwangu, nachukua mawaridi, zabibu na nakshi za pembe. Halafu kuna kurasa za herufi za fileti, hizo ni hazina wallahi, chukua daftari la hesabu la miraba uandike KARIBU ama EID MUBARAK, ulipange katikati ya ua, una kitambaa ambacho hakipo duka lolote hapa mjini.

Seti za viti pia zipo, kimoja cha mgongoni na viwili vya mikononi. Wazungu wa karne ya 19 walikuwa wakijipaka mafuta ya Makassar kichwani na vitambaa vile vilikuwa kukinga kiti kisichafuke, na sisi na mafuta yetu ya nazi tunavihitaji kweli, sofa yangu ya rangi ya maziwa ipo salama.

Kuna watu wanaziuza paterni hizi hizi mtandaoni, wamezisafisha maandishi tu, ukiona picha inafanana itafute bure kwanza. Mie nalipia pale tu walipochora chati upya ikawa inasomeka vizuri, maana kuhesabu miraba iliyofifia usiku kunaumiza macho.