Kununua bima ya afya Mbeya, Iringa na Njombe: ipi inakungojesha muda mfupi

Wakala wa bima huanza na vitu viwili: bei ya mwaka na orodha ya hospitali. Mnunuzi akiona humo Rufaa ya Kanda Mbeya, Ikonda na Tosamaganga, anatoa simu alipe. Ukurasa unaoamua kama kadi itamfaa uko nyuma kabisa, chini ya kichwa "muda wa kusubiri". Humo wameandika siku ngapi zipite tangu bima ianze ndipo ugonjwa fulani uanze kulipiwa. Siku hizo zisipotimia, kadi inasoma vizuri tu dirishani, kisha bili unalipa mwenyewe.

Kwenye mikataba ya kampuni binafsi viwango vinatofautiana, lakini mara nyingi utakutana na ngazi kama hizi. Ajali hulipiwa tangu siku ya kwanza. Malaria, nimonia, taifodi na magonjwa mengine ya kawaida, siku 30. Upasuaji usio wa dharura, siku 60 hadi 90. Ngiri, bawasiri, mafindofindo, mtoto wa jicho na uvimbe wa kizazi vinaweza kuvutwa hadi miezi 6 au mwaka. Uzazi, miezi 9 hadi 12. Kisukari, presha na pumu uliyokuwa nayo kabla ya kujiunga, miezi 6 hadi 12. Saratani na figo, mwaka mmoja hadi miwili. Kampuni inajikinga na mtu anayekata bima Ijumaa ili apasuliwe Jumatatu. Hilo linaeleweka. Tatizo ni mnunuzi anayelipa bila kujua yuko kwenye ngazi ipi.

Tumepanga aina za bima kwa kuangalia jambo hilo moja: familia yenye ugonjwa unaojulikana itaanza lini kutibiwa kwa kadi.

Nafasi ya kwanza: bima ya mshahara au ya kikundi

Mtumishi wa umma anakatwa asilimia 3 ya mshahara kwenda Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) na mwajiri anaongeza 3. Kadi zinamhusu yeye, mwenzi na wategemezi wanne. Kama mke au mume wako ni mwalimu Mufindi au muuguzi Rungwe, hakikisha kwanza kwamba hujaachwa nje ya fomu yake kabla ya kufungua pochi. Wapo watu wanaonunua kifurushi binafsi ilhali wana haki ya kadi kwa mwenzi, kisa cheti cha ndoa hakijapelekwa.

Bima ya kikundi ya kampuni binafsi inayokatwa na kiwanda cha chai, shule, SACCOS au ushirika ndiyo nyepesi kuliko zote kwenye kungoja. Hatari inagawanywa kwa watu wengi, kwa hiyo kampuni hukubali kufuta au kupunguza muda wa kusubiri, hata kwa presha na uzazi. Hukubali ikiombwa. Anayejadiliana kwa niaba ya kikundi adai sentensi inayosema wazi kuwa muda wa kusubiri umeondolewa kwa maradhi yaliyokuwepo kabla ya bima, na aisome kwenye mkataba wenyewe. Ahadi ya WhatsApp haifiki kwa mkaguzi wa madai.

Udhaifu wake ni mlango wa kutokea. Ukiacha kazi, kadi inakufa, na ukinunua bima yako binafsi unaanza kungoja upya. Omba barua inayoonyesha tarehe ulizokuwa na bima bila kukatika. Baadhi ya kampuni huzihesabu zikipelekwa mapema, hasa ndani ya siku 30.

Nafasi ya pili: CHF (Mfuko wa Afya ya Jamii) iliyoboreshwa

Kwa kaya ya watu hadi sita, mikoani mchango uliowekwa ulikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka. Hapa hukutani na jedwali la kungoja ugonjwa mmoja mmoja kama la kampuni. Kinachokubana ni ngazi: unaanzia zahanati, unapewa rufaa kwenda kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, mwisho hospitali ya rufaa ya mkoa. Ukiruka ngazi bila karatasi ya rufaa, unalipa. Dawa ikikosekana kwenye stoo ya kituo, unalipa pia, na hapo ndipo watu wengi huumia.

Kwa mzee wa presha anayehitaji dawa za kila mwezi na kipimo cha mkono, hii inamfaa kuliko kifurushi cha gharama kubwa kitakachomwambia asubiri mwaka. Kwa anayetakiwa kusafishwa damu Mbeya mjini, haimfikishi.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inapanga upya mifuko hii. Chukua viwango kutoka ofisi ya mtendaji au halmashauri siku unayolipa. Fomu ya jirani ya miaka miwili iliyopita itakupotosha.

Nafasi ya tatu: kifurushi binafsi cha NHIF

Nguvu yake ni upana. Kadi inapokelewa kwenye hospitali za serikali na nyingi za mashirika ya dini, na huku kwetu hizo za mashirika ndizo zenye uzito: Ilembula, Chimala, Ifisi. Masharti ya kusubiri yapo kwa anayejiunga mwenyewe, na yanatofautiana kwa kifurushi, kwa hiyo omba jedwali la kifurushi unachokitaka peke yake. Afisa akikusomea la kifurushi cha juu halafu wewe ukalipia cha chini, usije ukashangaa. Kwa familia yenye watoto na isiyo na ugonjwa sugu, tungeanzia hapa.

Nafasi ya nne: kampuni binafsi, mtu mmoja au familia

Faida zipo. Foleni ni fupi, kibali kinatoka haraka, na chumba cha kulazwa ni kizuri. Lakini kungoja ndiko kurefu kuliko kote, na umri ukizidi 60 baadhi hawapokei kabisa mwanachama mpya. Ukichagua hii, gawa bei kwa miezi inayotumika. Chukua mfano wa mchango wa 900,000 kwa mwaka. Kisukari kikingoja miezi 6, miezi iliyobaki ni 6, yaani 150,000 kwa kila mwezi wenye faida. Kikingoja miezi 12, mwaka mzima wa kwanza umelipia bima isiyogusa kisukari hata mara moja. Faida inaanza ukihuisha. Kama huna uhakika wa hela ya mwaka wa pili, bima hiyo usiikate kwa ajili ya kisukari.

Zile bima ndogo za kwenye simu zinazolipa kiasi fulani kwa kila usiku wa kulazwa tumeziacha nje ya orodha. Zinasaidia nauli na chakula cha mgonjwa. Bili ya hospitali ni habari nyingine.

Uzazi: hesabu kwa kalenda

Hapa ndipo watu hukosea zaidi, kwa sababu wanahesabu kutoka mimba ilipotungwa. Mkataba unahesabu kutoka siku bima ilipoanza hadi siku ya kujifungua. Tuseme bima imeanza 1 Septemba na uzazi unangoja miezi 10. Kujifungua kunalipiwa kuanzia 1 Julai, na mkataba unaisha 31 Agosti. Kwa mwaka huo wa kwanza una dirisha la miezi miwili tu.

Mama ambaye hedhi yake ya mwisho ilianza 24 Septemba anatarajiwa kujifungua 1 Julai, yaani yuko ukingoni. Mtoto akiwahi siku tatu tu, bili ni yake. Hedhi ya mwisho ikiwa 25 Oktoba, tarehe ni 1 Agosti. Hata mtoto akija wiki tatu kabla, ni 11 Julai, bado yuko ndani. Na kama mkataba unasema miezi 12, mwaka wa kwanza hauna uzazi, hata wakala akuchoree picha gani.

Uliza pia kuhusu kliniki ya wajawazito, upasuaji wa dharura wa uzazi, na mtoto mwenyewe. Mtoto huandikishwa ndani ya siku maalumu, mara nyingi 30. Ukichelewa, naye anaanza kungoja kama mgeni.

Maneno matatu ya kusoma kwa kidole

La kwanza ni "kuanzia". Siku zinahesabiwa tangu ulipolipa, tangu mkataba ulipoanza, au tangu kadi ilipotoka? Kati ya malipo na kadi zinaweza kupita wiki kadhaa. Chagua mkataba unaotaja tarehe ya kuanza bima.

La pili ni "dalili". Mkataba mmoja unasema upasuaji wa ngiri hautalipiwa kabla ya siku 90. Mwingine unasema hautalipiwa kwa ngiri ambayo dalili zake zilijitokeza ndani ya siku 90. Maneno yanakaribiana, matokeo hayafanani. Mgonjwa aliyeonwa na daktari siku ya 70 na kupasuliwa siku ya 95 atalipiwa kwa mkataba wa kwanza. Kwa wa pili atakataliwa, kwa sababu faili la siku ya 70 lipo.

La tatu ni "yatokanayo". Mtu mwenye presha akipata kiharusi mwezi wa tatu, kampuni itasema kiharusi kimetokana na presha, nayo bado inangoja. Vivyo hivyo kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari. Kwenye baridi ya Makete na Njombe ya Juni na Julai, pumu ndiyo inayoleta ubishi huu: kulazwa kwa kubanwa kifua kunaweza kuandikwa kama ugonjwa sugu hata kama mafua ndiyo yaliyouamsha.

Usifiche ugonjwa kwenye fomu. Mkaguzi ataomba faili la zamani, na daftari la kliniki ya presha halidanganyi. Ukisema ukweli unangoja miezi 12. Ukificha, mkataba wote unaweza kufutwa, hata kwa malaria ya mtoto.

Tarehe ya kuhuisha na msimu wa hela

Bima ikikatika, saa ya kungoja inarudi sifuri. Kampuni nyingi hutoa siku chache tu za huruma. Mkulima aliyekata bima Februari atatakiwa kuhuisha Februari, wakati hela imelala shambani. Mwenye kahawa Mbozi aianzishe baada ya malipo ya mavuno, Septemba au Oktoba. Mwenye mpunga Mbarali, baada ya kuuza, kuanzia Julai. Tarehe ya kuanza unaichagua wewe, na hili mawakala hawalisemi.

Ukipandisha kiwango cha bima, kwa kawaida kile kilichoongezeka kinangoja upya, cha zamani kinaendelea.

Wakati unangoja

Dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi, matibabu ya kifua kikuu na chanjo za watoto hutolewa bure kwenye vituo vya serikali, kwa hiyo usizilipie bima. Sera inawasamehe pia wajawazito, watoto chini ya miaka 5 na wazee wa 60 na kuendelea wasio na uwezo. Mzee aende na barua ya ustawi wa jamii au kitambulisho chake cha msamaha. Kwa ajali ya bodaboda, chukua fomu ya PF3 polisi siku hiyohiyo. Ajali haingoji siku, lakini dai lisilo na PF3 hukwama.

Kabla ya kulipa, hakiki leseni ya wakala kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), yenye ofisi ya kanda Mbeya. Dai likikataliwa, omba sababu kwa maandishi yenye namba ya kifungu, iandikie kampuni, kisha TIRA, kisha Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Barua isiyotaja kifungu irudishe ikaandikwe upya.

Na siku unapolipa, ondoka na vitu vitatu mkononi: risiti yenye tarehe ya kuanza bima, jedwali la kusubiri lenye mhuri, na nakala ya fomu uliyojaza.