Tathmini ya huduma ya kuandika barua ya pongezi za kidiplomasia

Asasi yetu ilipoamua kuipongeza Serikali ya Ethiopia kwa makubaliano ya kusitisha vita vya Tigray, jimbo la kaskazini mwa nchi hiyo, yaliyotiwa saini Pretoria tarehe 2 Novemba 2022, kazi ya uandishi tuliikabidhi kwa ofisi moja inayoandika na kutafsiri barua rasmi. Nimeona huduma yake ielezwe kwa faida ya asasi nyingine.

Walianza vizuri. Mwandishi wao alikataa kutumia muundo wa waraka wa kidiplomasia, ule unaoandikwa kwa nafsi ya tatu, kwa kuwa huo hutumika pale wizara na balozi zinapowasiliana. Asasi ya kiraia humwandikia Mheshimiwa Balozi barua ya kawaida, ikimwomba afikishe ujumbe kwa serikali yake.

Rasimu ya kwanza, hata hivyo, iliipongeza serikali kwa “kurejesha utulivu kaskazini”, maneno ambayo yangesomeka kama kushangilia kushindwa kwa Tigray, ilhali vita vilivyoanza Novemba 2020 vilimalizwa mezani, na makubaliano yana saini ya Redwan Hussien kwa niaba ya serikali na ya Getachew Reda kwa niaba ya TPLF, chama kilichoongoza mapambano ya Tigray. Tuliirudisha. Rasimu ya pili ilizipongeza “pande zote mbili kwa ujasiri wa kuketi pamoja”, ikawashukuru wasuluhishi wa Umoja wa Afrika, yaani Olusegun Obasanjo, Uhuru Kenyatta na Phumzile Mlambo-Ngcuka, na kabla ya kutaja matumaini yoyote ikatoa pole kwa waliofiwa. Mpangilio huo ulinigusa sana, kwa sababu pongezi zinazowaruka wafiwa huwatonesha kidonda. Waliepuka pia kudai kwamba amani imekamilika, jambo la busara, kwani Eritrea, ambayo majeshi yake yalipigana Tigray, haikuwa miongoni mwa waliotia saini.

Ninacholalamikia ni ucheleweshaji. Barua ya aina hii isipowahi hupoteza uzito, na kabla yetu haijakamilika makamanda wa pande mbili walikuwa wameshakutana Nairobi na kutia saini, tarehe 12 Novemba, utaratibu wa wapiganaji wa Tigray kusalimisha silaha. Ilibidi aya nzima iandikwe upya. Hawakututoza chochote kwa marekebisho hayo, nami nitawapa kazi tena, mradi tarehe ya kukabidhi rasimu iandikwe kwenye mkataba.