Routa na swichi za mtumba kwa lab ya CCNA nyumbani: uzoefu wangu

Kama unajiandaa na CCNA (mtihani wa mitandao wa kampuni ya Cisco) na hujui ununue vifaa vya mtumba au ubaki na Packet Tracer (programu ya kuigiza vifaa hivyo kwenye kompyuta), mi niko upande wa kununua. Ila sio kununua kwa kuangalia sanduku. Watu wengi wanaangalia idadi ya poti, mikwaruzo kwenye bati na bei, wakati kitu unachonunua hasa ni faili moja limekaa kwenye flashi (memori ya kudumu) humo ndani, yaani IOS, programu inayoendesha kifaa. Bati lote lililobaki ni la kulibebea hilo faili.

Sababu ni hii. Cisco hawaachii IOS hovyo, ukitaka kuidaunlodi kwenye tovuti yao unatakiwa uwe na mkataba wa sapoti, na kwa kanuni zao leseni ya programu haihami na kifaa kwenda kwa mnunuzi wa pili. Kwa hiyo ukishauziwa swichi yenye IOS ya kizamani au routa yenye flashi tupu, hiyo ndo umeishi nayo, huwezi kusema ntaapdeti wikiendi kama unavyofanya kwenye simu. Ndo maana kabla sijatoa hela namwomba muuzaji aiwashe, achomeke kebo ya konsoli (ya kuunganisha laptopu na kifaa), anitumie picha ya majibu ya amri za show version, show inventory na show flash. Muuzaji anayejua kazi yake anakutumia bila maneno mengi. Yule anayekujibu "inawaka vizuri, taa zote kijani" namshukuru naendelea mbele, maana taa ya kijani inakwambia umeme unafika na kifaa kimejiwasha, haikwambii kingine chochote cha maana kwa mtu anayeenda kufanya mtihani.

Ukishaipata hiyo picha soma jina la faili herufi kwa herufi. Mfano c2960-lanbasek9-mz.122-55.SE na mkia wake. c2960 ni aina ya swichi, lanbase ni kundi la uwezo, 122-55 ni toleo 12.2(55), na ile k9 ndo ya kuikodolea macho kuliko zote, inamaanisha usimbaji wenye nguvu upo ndani. Bila k9 ile amri ya crypto key generate rsa haipo kabisa, na bila hiyo hakuna SSH (njia salama ya kuingia kwenye kifaa ukiwa mbali), unabaki na Telnet isiyosimbwa, wakati CCNA 200-301 iliyoanza Februari 2020 inakutaka ujue kuweka SSH kwa mikono yako. Sasa fikiria umenunua swichi nzuri, safi, poti zote nzima, afu siku unafika mada ya SSH inakujibu Invalid input. Nimeshaona watu wanaandika kwamba swichi zao ni mbovu kumbe sio mbovu, ni image (faili la IOS) haina k9 tu.

Na toleo nalo lina maana. 2960 watu wanajua ni leya 2 tu (haipangi njia kati ya mitandao), lakini kuanzia 12.2(55)SE ukiwa na LAN Base unaweza kuandika sdm prefer lanbase-routing, ukaireload, ukapata static route (njia unazoandika kwa mkono). Sio routing kamili, OSPF (itifaki ya routa kujifunza njia zenyewe) isahau, ila kwa mazoezi ya inter-VLAN (kuunganisha VLAN, yaani mitandao iliyogawanywa ndani ya swichi) inasaidia sana. Tena kuna herufi ya mwisho kwenye modeli yenyewe ambayo wauzaji wengi hawaiandiki kwenye tangazo: WS-C2960-24TC-L ni LAN Base, WS-C2960-24TC-S ni LAN Lite, na hiyo Lite imepunguzwa uwezo. Kwa nje ni swichi ileile. Omba picha ya stika ya nyuma au chini, usikubali kuambiwa "ni 2960" ikaishia hapo.

Mi baada ya kuzunguka sana nimetulia na routa mbili za 1941, swichi mbili za 2960-8TC-L na moja ya 3560-8PC. Hizi swichi za poti 8 nimezichagua makusudi kwa sababu hazina feni, na lab ikikaa chumba unacholala au unachosomea hilo sio jambo dogo. Vifaa vya raki vimetengenezwa vikae chumba cha seva ambako hakuna mtu, ukivileta mezani kichwa kinauma baada ya muda mfupi na unaanza kutafuta sababu za kutosoma. Hizi zisizo na feni zinapata joto kiasi, usizipange moja juu ya nyingine bila nafasi. 1941 yenyewe ikiwaka inavuma kwa nguvu kidogo afu feni inashuka, unaweza ukaishi nayo. Kilichonivuta kwenye 1941 ni gigabiti mbili, IOS 15 ambayo IPv6 imo kwenye IP Base hiyohiyo bila leseni ya ziada, na ina konsoli ya USB ndogo pembeni ya ile ya RJ45. 1841 bado inafundisha vizuri kwa mwenye bajeti ndogo, ila cheki memori na flashi kwanza maana image kubwa hazitaingia.

Na kwa routa hizi za 1841, 1941 na ndugu zao, uliza kuhusu kadi ya CompactFlash! IOS inakaa kwenye hiyo kadi, inachomoka kwa kidole, na wauzaji wengine wanazichomoa wanauza peke yake. Tangazo linasema routa inawaka, ni kweli inawaka, inaishia rommon (hali ya msingi yenye amri chache tu) kwa sababu haina cha kupakia. Kwenye swichi mambo ni magumu zaidi flashi ikiwa tupu, unatuma image kwa xmodem (njia ya zamani ya kutuma faili) kupitia konsoli, na kwa spidi ya 9600 faili la megabaiti 9 linakula zaidi ya saa mbili na nusu, labda upandishe kwanza BAUD (spidi ya konsoli) iwe 115200. Na hapo ni kama image unayo, tunarudi palepale pa mkataba wa sapoti.

Kebo ya konsoli nayo usidharau. Nunua ile ya USB moja kwa moja kwenda RJ45 yenye chipu halisi ya FTDI. Za chipu feki zinasumbua draiva, leo inashika kesho laptopu haiioni, unadhani routa imekufa. Seti zake ni 9600, biti 8, bila pariti, stop biti 1, flow control uizime. Kwenye Windows natumia PuTTY, kwenye Linux screen inatosha.

Sasa vikishafika. Vifaa vingi vya mtumba vinakuja na konfigi ya mwenye mali wa zamani na pasiwedi zake, na mi nasema hilo ni somo la bure, tena zuri kuliko mengi. Routa unabonyeza Break ikiwa inawaka, unaingia rommon, confreg 0x2142, reset, inawaka bila kusoma startup-config (konfigi iliyohifadhiwa). Ukimaliza usafi unarudisha 0x2102, ukiiacha 2142 kila ukiireload itakuwa tupu. Swichi unashikilia kitufe cha Mode huku unachomeka umeme, flash_init, unabadili jina la config.text, boot. Ukifanya hivi kwenye kifaa halisi huisahau tena. Kuna wenye mali walioweka no service password-recovery, hapo njia inabana na konfigi yao inafutika, kwetu sisi wa lab hiyo haina shida, hatuihitaji. Na konfigi za watu zifute, ndani yake kuna anwani za IP, majina ya seva na pasiwedi za ofisi ya mtu, sio vya kuhifadhi wala kuonyesha mtu.

Lakini write erase peke yake haitoshi kwenye swichi. VLAN zinakaa kwenye vlan.dat, faili tofauti, na haliguswi na write erase, lazima uandike delete flash:vlan.dat halafu reload. Hili nalisisitiza kwa sababu ya VTP, itifaki ya Cisco inayosambaza orodha ya VLAN kati ya swichi. Swichi kwa kawaida ni VTP server na haina jina la domeni, sasa ukiunganisha kwa trunk (kiungo kinachobeba VLAN nyingi) na swichi ya mtumba yenye domeni na revision number (namba ya toleo la orodha) kubwa, swichi yako inalipokea lile jina kimyakimya na VLAN ulizozipanga zinafutwa, zinaandikwa za ofisi ya watu usiowajua. Kwa hiyo kila kinachoingia nyumbani kwangu kinafutwa kwanza kikiwa peke yake, ndo kinaruhusiwa kugusa vingine.

Packet Tracer nisiibeze, ni ya bure kupitia Networking Academy na imenifundisha mengi, na programu nyingine za kuigiza mtandao, GNS3, EVE-NG na CML, zipo pia kwa anayetaka kwenda mbali. Ila kuna vitu mkono tu ndo unavielewa. Mfano 3560 inajua ISL na dot1q zote mbili (njia mbili za kuwekea trunk alama za VLAN), kwa hiyo ukiandika switchport mode trunk moja kwa moja inakukatalia, inataka kwanza switchport trunk encapsulation dot1q, wakati 2960 hiyo amri haina kabisa maana inajua dot1q peke yake. Ukikutana na hilo kwenye vifaa viwili vilivyolala meza moja unaelewa kwa nini, haiwi tena mstari wa kukariri.

Kingine ni duplex, yaani kutuma na kupokea kwa pamoja (full) au kwa zamu (half). Weka upande mmoja 100 na full kwa mkono, upande wa pili uache auto. Ule wa auto unaweza kutambua spidi lakini duplex haiwezi kuijua, unaangukia half. Link inawaka, ping inapita, kila kitu kinaonekana sawa, halafu unakopi faili kubwa inakwenda kwa kusuasua, ukifungua show interfaces unakuta late collision (migongano ya data) zinapanda na CDP (itifaki ya Cisco ya kutambua vifaa jirani) inakutupia ujumbe wa duplex mismatch kwenye konsoli. Au zima spanning-tree (STP, inayozuia vitanzi kati ya swichi) kwenye VLAN moja afu funga kitanzi kwa kebo mbili: taa za poti zote zinapepesa kwa pamoja bila kupumzika na konsoli inakuwa nzito unaandika herufi inachelewa kutokea. Chomoa kebo moja, kimya kinarudi papo hapo. Nimefundishwa STP kwa maneno mengi sana kabla ya hapo lakini baada ya kuona ile kitu ndo nimeiheshimu. (Fanya hivyo kwenye lab iliyojitenga tu, sio kwenye swichi inayobeba intaneti ya nyumbani.)

Vya kutonunua: kadi za seria WIC na HWIC pamoja na zile kebo nzito za DCE na DTE. Wauzaji bado wanauza "kit ya CCNA" iliyojaa hizo kwa sababu zamani Frame Relay (teknolojia ya kuunganisha ofisi za mbali) ilikuwa kwenye mtihani, siku hizi haipo, na 200-301 kwenye routing inakutaka OSPFv2 ya area moja na static. Hela ya hizo kadi weka kwenye swichi ya tatu, utafanya EtherChannel (kuunganisha kebo kadhaa zifanye kazi kama moja) na STP kwa uhuru. Na 2950 hata ukipewa kwa bei ya chini fikiria mara mbili, imezeeka mno.

Ukivutwa na vifaa vipya zaidi kuna tahadhari mbili. Mwaka 2017 Cisco walitangaza tatizo la kijenzi cha saa kwenye baadhi ya vifaa, zikiwemo routa za ISR 4321, 4331 na 4351, kifaa kinaweza kufa kabisa na kisiwake tena kikishafanya kazi kama miezi 18 na kuendelea. Kwa hiyo uliza kama hiyo unayouziwa ni ya toleo lililorekebishwa. Ya pili ni feki. Mwaka 2020 F-Secure walichambua swichi bandia za 2960-X ambazo ziligunduliwa baada ya kugoma kufanya kazi zilipoapdetiwa programu, yaani mpaka hapo zilikuwa zinafanya kazi kama kawaida. Linganisha namba ya seria ya kwenye stika na ile ya show version, zikitofautiana rudisha.

Kuhusu wauzaji, niliyenunua kwake routa alinipakia vizuri sana, kila kifaa na povu lake, ila mwingine aliniletea swichi yenye poti isiyoshika link, na tulikubaliana mapema kuhusu siku za kurudisha kwa hiyo akanibadilishia. Makubaliano hayo yaandikwe kwenye meseji kabla ya malipo. Na ikifika tu jaribu poti zote siku hiyohiyo, sio ile unayoitumia wewe tu, pitisha trafiki afu angalia CRC (idadi ya fremu zilizoharibika) kwenye show interfaces, na show env all kwa swichi inayoikubali, utaona hali ya feni, joto na umeme.

Kilichobaki kwangu ni akses pointi, na hapo tena ni habari ya jina la image. Yenye k9w7 inajitegemea, yenye k9w8 inasubiri kontrola ndo ifanye kazi, na ukiinunua hiyo bila kuwa na kontrola itakaa inawasha taa ikitafuta kitu ambacho hakipo. Matangazo ninayoyaona mengi ni k9w8 na muuzaji haandiki, kwa hiyo naendelea kuomba show version mpaka nipate ninayoitaka.