Fundi umeme wa Mwanjelwa kaniokoa, taa ya cheki injini imezima

Jamani kama gari yako inawasha taa ya cheki injini hapa Mbeya usikimbilie kununua spea. Mimi IST yangu ilianza kula mafuta sana, asubuhi Uyole na ile baridi inawaka kwa shida, moshi mweusi, fundi wa kwanza akaniambia sensa imekufa ninunue masi nzima (kile kifaa kinachopima hewa inayoingia kwenye injini), maana kwenye IST sensa ya joto la hewa inakaa humo humo ndani ya masi, nikanunua ya mtumba na taa ikarudi vilevile. Iliniuma sana.

Huyu wa Mwanjelwa akapima kwa mashine, ikatoa kodi ya hitilafu P0113, yaani ya sensa ya joto la hewa, halafu akanionyesha kwenye kioo cha mashine joto la hewa linasoma nyuzi -40. Uyole hata Juni haifiki huko! Akasema ikisoma hivyo ujue waya umekatika sehemu, kompyuta inadhani hewa ni baridi kupita kiasi inaongeza mafuta. Akapima sensa kwa mita, kama kilo-omu 2 na kitu, akaipuliza na drayer namba zikashuka taratibu, kumbe nzima kabisa. Akafungua soketi, waya mmoja umeoza una ukungu wa kijani, akaukata akaunga kwa risasi, akafuta kodi, ikasoma 21.

Elfu 25 tu, na kila hatua ananiita niangalie. Foleni ndo ndefu, wahi asubuhi.