Fundi wa baskeli Majengo aliyekataa kunitengenezea baskeli, nampa nyota 4

Nishakaa na hii baskeli wiki tatu tangu itoke kwa fundi kwa hivo sasa naweza kusema. Ukiingia Majengo, hapa Mombasa, kutokea Jomo Kenyatta Avenue kuna mzee anakaa chini ya mwarobaini, hana bango wala jina la duka, ana mabati mawili na tairi zimening'inia juu ya kamba, ulizia tu fundi wa baskeli watoto watakupeleka.

Kisa chenyewe ni hivi. Nlikuwa natoka kazini, pale Sabasaba Probox moja ikanipita, hapo hapo ikakata kushoto mbele yangu bila indiketa, nkaingia ubavuni mwake msukano ukanipiga mbavu. Nkainuka mbio mbio kwa aibu kama mtu aliyeanguka mbele ya wakwe, niko sawa niko sawa, na dereva naye ananitia elfu mbili mkononi, "chukua kaka tumalizane hapa hapa". Kidogo nichukue! Mama mmoja muuza viazi karai ndiye alonipigia kelele, "We kijana, piga picha namba ya gari kwanza!" Nkapiga namba, gari lote, baskeli ilivolala, na namba ya simu ya yule mama nkaomba. Elfu mbili nkamrudishia mwenyewe. Saa tatu usiku ndio mbavu zikaanza, hata kugeuka kitandani siwezi.

Asubuhi akili yangu yote iko kwa baskeli maana ndio miguu yangu ile, nkaibeba mpaka kwa huyu mzee. Shikamoo babu, nataka jioni nipande. Marahaba. Akaizunguka baskeli, kisha akaniangalia mimi nilivoshika ubavu.

"Umegongwa?"
"Ndio."
"Polisi umekwenda?"
"Bado."
"Hospitali?"
"Bado babu."

Akafuta mikono akakaa kwenye kibao chake. "Basi hii siigusi mwanangu. Nikikunyooshea leo, kesho utamuonesha nani kama ulivunjiwa?"

Wallahi nlikasirika, yani nimekuja na pesa zangu nafukuzwa. Lakini akanipangia kila kitu pale pale huku anakunywa kahawa. Nenda stesheni wakuandike kwa OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, na namba ya OB uondoke nayo, uliza P3, ile fomu ya polisi ya mtu aliyeumia, yenyewe ni ya bure, daktari akupime ajaze, irudi polisi, kisha omba abstrakti, ile karatasi ya polisi ya muhtasari wa ajali, kwa sababu hapo ndio panaandikwa gari lina bima gani. Dereva naye sheria inamtaka aripoti ajali ya mtu kuumia ndani ya masaa 24, sasa wewe ukikaa nyumbani kujipaka dawa ya kuchua, yeye atakwenda kuandikisha kisa chake peke yake. Nkamuuliza umeyajulia wapi haya babu, akasema zamani akipeleka mikate na baskeli ya Black Mamba aligongwa, akaitengeneza siku ile ile, hakulipwa hata senti. Nkaenda. Hospitali nkapigwa picha, ufa kwenye ubavu mmoja.

Nliporudi siku ya tatu na makaratasi yangu ndio akaanza kazi, na hapa ndio nyota zake zilipo. Mimi nlidhani tatizo ni rimu tu, imepinda kama chapati. Yeye akachukua uzi, akaufunga nyuma upande mmoja pale gurudumu linaposhikwa, akauzungusha mbele kwenye shingo ya fremu akaurudisha upande wa pili, akapima kutoka uzi mpaka bomba la kiti kulia na kushoto. Sawa sawa, kwa hivo fremu iko salama. Kisha akakwaruza rangi kwa ukucha chini ya shingo kutafuta ufa, hakuna. Lakini uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu, umerudi nyuma kiasi kwamba kidole cha mguu kinagusa tairi ukikata kona, jambo ambalo mimi ningeligundua nkiwa Nyali Bridge, Mungu apishe mbali. Helmeti yangu alinirudishia kifuani, akasema ile povu ya ndani ikishabonyea mara moja haina kazi tena hata kama nje haina alama. Yeye hauzi helmeti, kwa hivo hakuwa ananitafutia mauzo.

Uma wa mitumba, rimu, spoki na kazi: 4,300. Akaandika kila kitu kwa mkono kwenye kitabu cha risiti, kimoja kimoja na bei yake, na vyuma vibovu akanipa kwenye gunia niende navyo. Hiyo karatasi ndio ilonisaidia, kwa sababu bima ya thadi pati, yani ya mtu mwengine aliyegongwa, ambayo sheria ya Cap 405 inalazimisha kila gari, ni ya mtu kuumia au kufa, baskeli haimo kwenye hiyo lazima. Ya baskeli nlimdai mwenye gari. Akaja mwenyewe mpaka kwa fundi kubishana bei, mzee akamtolea ule uma wa zamani akauweka pembeni ya mzima, hakuongeza neno. Jamaa akatoa simu akatuma pesa. Angekataa, binamu yangu karani wa wakili ashanambia kuna korti ya madai madogo, mpaka milioni 1, na unajisimamia mwenyewe. Ya ubavu bado iko kwa wakili, hiyo una miaka 3 ya kufungua kesi kwa hivo sina presha.

Nyota moja nimekata kwa haki. Akisema jioni jua ni kesho. Redio inapiga kelele mpaka mnaongea kwa mikono, pa kukaa hapana, na breki ya nyuma aliiacha inalia, nlirudi mara mbili. Ijumaa usiende kabisa, akienda msikitini harudi tena mpaka baada ya alasiri, na akirudi utamkuta kwenye bao, na hapo hata ukija na baskeli vipande viwili atakwambia ngoja tumalize hii.